Kipandio cha Kumi na Sita

Wageni wengi wakifika mji mkubwa hutazama juu. Huyu alitazama chini. Siku tatu alitembezwa na binti yake mtaa baada ya mtaa, na ungemuuliza jioni ameona nini angekutajia ngazi: zile za posta zina vipandio kumi na viwili, zile za maktaba zimelika katikati, na zile za hoteli fulani, fundi aliyezijenga bila shaka alikuwa na haraka ya kwenda kula. Kwao anaitwa Mzee Timazi, kwa ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo waashi huining'iniza kupimia kama ukuta umesimama wima. Katika mji wao mdogo hakuna ukuta wake hata mmoja uliopinda. Ni jina la sifa, na kila alipoitwa lilimchoma.

Nitasema mapema ni nini kilichomchoma, maana yeye amelificha jambo hilo vya kutosha kwa niaba yetu sote.

Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na minne alifanya kazi humu humu mjini, kwenye jengo la ghorofa nne karibu na reli. Fundi mkuu alimwona ana mkono mzuri, akamwachia ngazi ya kwendea ghorofa ya kwanza aijenge peke yake. Vipandio kumi na sita. Kijana akapima kimo kutoka zege la chini mpaka zege la juu, akagawa kwa kumi na sita, akajenga kitu cha kupendeza kweli. Alichosahau ni kwamba juu ya lile zege la ghorofani kulikuwa bado kuna sakafu ya kumwagwa, nene kiasi cha vidole vitatu. Watu wa sakafu walipomaliza yao, akapanda kujaribu kazi yake akipiga mluzi, na kwenye kipandio cha kumi na sita kidole gumba kikagonga ukingo, akaenda chini kwa magoti.

Mguu wa mtu hauna subira ya kupima kila kipandio. Unajifunza kimo cha viwili vitatu vya kwanza, halafu vilivyobaki unavipanda kwa mazoea. Yeye alilijua hilo, ndiyo kazi yake. Akainuka, akatazama huku na huku, akaona hakuna aliyemwona, akajipangusa magoti. Jioni fundi mkuu akamsifia mbele ya wenzake wote, naye akazipokea sifa, kimya. Wiki ile ile akafunga mzigo akarudi kwao.

Mwaka mmoja baadaye mwenzake wa kazini alipita kwao, na huku anatafuna mkate akasema, "Ile ngazi yako bwana, ilimwangusha mwanamke na mtoto mgongoni."

"Mtoto akawaje?"

"Sijui. Nilikuwa nimeshahama."

Hilo "sijui" alikaa nalo miaka thelathini na tisa. Alioa nalo, akazaa nalo watoto wanne, akajenga nalo shule na zahanati. Aliyelijua ni mkewe tu. Mkewe, Mungu amrehemu, alimwambia wiki mbili kabla hajafariki, "Nenda ukajue. Kama ni habari mbaya utalia, lakini utalia mara moja." Akaitikia, kisha akatafuta visingizio mwaka mzima: mara mvua, mara nyonga, mara kuku hawana wa kuwaangalia. Mpaka binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani wote wanamwita Kitinda, alipomtumia tiketi bila kumuuliza.

Basi Kitinda, ambaye kazi yake ni kusoma mita za maji, alichukua likizo ya siku nne amwonyeshe baba yake mji. Aliupanga ule mzunguko kama mtu anayepanga harusi. Siku ya kwanza mtaa wa maofisi, ambako majumba ni vioo vitupu na mlinzi aliyevaa glavu aliwauliza wanamtafuta nani.

"Hatumtafuti mtu," alisema Mzee Timazi. "Nilitaka kuona ngazi yenu."

"Ngazi?" Mlinzi alimtazama Kitinda kama anayemwonea huruma. "Mzee, humu watu wanapanda lifti. Ngazi ni ya siku ya moto."

Mchana wakashuka mtaa wa vitambaa, maduka membamba yaliyobanana, na juu ya kila duka mafundi cherehani wanaokanyaga mashine tangu asubuhi. Huko ngazi zilikuwa zimejaa marobota ya nguo kiasi kwamba unapanda kwa ubavu. Mzee aliinama kwenye moja akaipima kwa kiganja, na mwanamke mmoja mwenye futi shingoni akamwambia kama anataka kupima afuate foleni kama wenzake.

Siku ya pili wakaenda mtaa wa matajiri, kuta ndefu na maua yaliyokatwa kwa mkasi, na barabarani hakuna mtu isipokuwa wanaotembeza mbwa wa watu wengine. Kitinda alimwonyesha nyumba moja yenye ngazi pana ya mawe meupe mbele.

"Inapanda kwenda wapi, na nyumba haina ghorofa?" aliuliza mzee.

"Haiendi popote, Baba. Ni pambo."

"Pambo," alirudia, akatikisa kichwa. Kutoka pale wakavuka daraja wakaingia mtaa wa mafundi redio, kelele tupu, kila kibanda kinapiga wimbo wake, na mzee alifurahi kidogo kwa kuwa angalau watu walikuwa wanafanya kazi. Lakini majumba ya pale yalikuwa ya chini. Akanunuliwa soda, akainywa, macho bado yanahangaika.

Siku ya tatu akaomba mwenyewe kupelekwa kwenye reli. Wakaenda. Reli ilikuwepo, ila mpya, na kando yake maghala ya bati. Hakuna jengo la ghorofa nne, hakuna mlango wenye dirisha la duara juu yake, ambalo ndilo alilobaki nalo kichwani. Alitembea na ile reli mpaka visigino vikamwaka, akarudi, akakaa kwenye benchi la bustani ndogo iliyokuwa karibu, akafumba macho. Mwenyewe hakujua kama amesikitika au ameshukuru. Kama jengo halipo, basi hakuna la kujua, na angeweza kurudi kwa kuku wake.

 Kitinda akaingiza mkono kwenye mkoba wa baba yake kutafuta chupa ya maji, akatoa mwiko wa mwashi uliofungwa kwenye kitambaa.

"Baba. Nani anatembelea mji na mwiko?"

"Mazoea tu, mwanangu."

"Mazoea gani? Siku tatu unapima ngazi za watu. Jana usiku umekula vijiko viwili. Niambie ukweli, unaumwa? Kama unaumwa sema tujue tunafanya nini."

"Siumwi."

"Baba!"

Alikuwa na sauti ya mama yake. Mzee Timazi alimtazama, halafu akapiga moyo konde akamweleza yote: zege, vidole vitatu, sifa alizopokea, mkate wa mwenzake na lile "sijui". Alieleza akitazama viatu vyake. Alipomaliza alingoja kuambiwa kitu kikali, na kusema kweli alikuwa anakitaka.

Kitinda alijifuta macho kwa mtandio. Kisha, Mungu amsamehe, akaanza kucheka.

"Baba, mimi nafanya kazi gani?"

"Unasoma mita."

"Ninazisoma wapi? Mbinguni?" Akapiga makofi. "Majumbani! Mwaka wa saba huu. Hakuna mlango wa mji huu nisioujua. Dirisha la duara juu ya mlango, mlango wa bluu, kinyozi chini. Reli ya zamani walishaing'oa, imekuwa barabara. Napita pale kila mwezi na hata mita yao naijua, ina kioo kilichopasuka."

Mzee aliuchukua mwiko, akaanza kuufunga upya kwenye kitambaa.

"Ni mwendo wa dakika kumi," alisema Kitinda. "Siku tatu unanizungusha kama pia, na ungesema sentensi moja tu Jumatatu asubuhi."

Hizo dakika kumi zilikuwa ndefu kuliko siku tatu. Walipita nyuma ya soko, wakapita kiwanda cha magodoro, wakakata kona kwenye duka la baiskeli, na jengo likawa mbele yao. Rangi ilikuwa nyingine na kamba za nguo zilikuwa nyingi, lakini dirisha la duara lilikuwa juu ya mlango likimtazama. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kwenye kiza chepesi aliona vipandio vitatu vya kwanza, vimenyooka, vizuri, na miguu ikamgomea hapo hapo. Alijiambia ataingia baada ya lile gari kupita, gari likapita, akajiambia baada ya hilo jingine.

"Karibu mzee, karibu!" Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake, pembeni tu ya mlango wa jengo, taulo begani. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, mcheshi wa kazi. "Ndevu hizo zimenililia tangu ulipokata kona."

Kwa mtu anayetafuta sababu ya kutopanda ngazi, hiyo ilikuwa sababu nzuri sana. Mzee Timazi akaingia kwenye kibanda, akaketi kwenye kiti cha kuzunguka. Kitinda alikaa kwenye benchi la wateja, akamkazia macho baba yake kwenye kioo. Kinyozi akamfunga shuka shingoni, akamlaza kichwa nyuma, akampaka povu mpaka masikioni, akaanza kunoa wembe huku anapiga soga. Habari za mvua, habari za barabara mpya, habari za wapangaji wa juu.

"Na hao wa juu," alisema mzee ndani ya povu, "ngazi yao inapandika vizuri?"

Kinyozi alicheka. "Nani kakwambia habari za ngazi yetu? Ngazi yetu ina wazimu, mzee. Imefuata sheria vipandio kumi na tano, cha kumi na sita imeamua yake. Kila mtu humu amewahi kusalimiana na sakafu. Mama yangu mwenyewe alivunjika mkono pale, zamani hizo." Wembe ulikuwa umeshaanza kushuka shavuni, taratibu.

"Na mtoto?" aliuliza Mzee Timazi.

"Mtoto gani?"

"Aliyekuwa mgongoni."

Wembe ukasimama. Ulisimama chini ya taya, mahali ambapo hakuna mtu anayependa wembe usimame. Kitinda aliinuka nusu kutoka kwenye benchi.

"Mzee," kinyozi alisema polepole, "mimi sijakwambia habari ya mtoto. Umejuaje?"

"Niambie kwanza akawaje. Nakuomba. Kisha ufanye unachotaka."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu hiyo ngazi niliijenga mimi." "Nilikosea kipimo, nikajua kwamba nimekosea, nikanyamaza. Nikaondoka. Baadaye nikaambiwa ameanguka mwanamke na mtoto. Mpaka leo sijui yule mtoto aliishi au hakuishi. Kama unamjua niambie, akawaje?"

Kinyozi aliondoa wembe, akaufuta kwenye taulo, pande zote mbili, bila haraka. Kisha akakizungusha kiti, wakatazamana ana kwa ana, akainama, akaweka kidole kwenye nyusi yake ya kushoto. Palikuwa na kovu jeupe, refu kama punje ya mpunga, ambapo nywele hazikuota.

"Akawa kinyozi," alisema.

Mzee Timazi hakuelewa mara moja. Alilitazama lile kovu, akamtazama mtu mzima mwenye kitambi na taulo, akalitazama tena kovu. Halafu kitu kilichokuwa kimemkaba kifuani miaka thelathini na tisa kikaachia, chote, kwa pamoja, na mzee wa watu akalia kwa kwikwi hapo kwenye kiti, machozi yanachimba mifereji kwenye povu. Hakujizuia wala hakuona haya. Kitinda naye akalia kwa kumwona baba yake analia. Kinyozi, aliyebaki peke yake mkavu, aliwagawia taulo moja wote wawili.

"Haya, haya, jamani, mteja mwingine akija atadhani nimemkata mtu," alisema. Kisha akatoa kichwa nje ya mlango, akapaza sauti kuelekea dirisha la juu. "Mama! Shuka! Yule mtu wako unayemtukana kila asubuhi amekuja!"

Mama alishuka. Walimsikia kabla hawajamwona, kandambili zikipiga kipandio baada ya kipandio bila kusita. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, mikono yote miwili imelowa maji ya sabuni mpaka viwikoni, na mmoja wake umepinda kidogo kwenye kifundo. Kinyozi alimweleza kwa maneno machache. Mama akamwendea mzee, akakizunguka kiti kizima akimkagua.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye mimi, dada yangu."

"Mimi siyo dada yako bado. Unajua nimekutukana miaka mingapi? Sikulijua jina lako, nikakutungia. Nilikuita Fundi Kipofu. Nikipanda na ndoo, Fundi Kipofu. Nikipanda na gunia la mkaa, Fundi Kipofu na babu yako. Unaitwa nani hasa?"

"Wananiita Timazi," alisema mzee kwa shida.

Mama alimtazama mwanawe, mwanawe akamtazama Kitinda, na Mama akaangua kicheko kilichomlazimu kushika mlango. "Timazi! Ee Mola wangu. Timazi!" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko. Alipotulia, uso wake ukawa wa kweli. "Sikiliza. Siku ile nilipoanguka, mtoto aliruka juu ya kichwa changu akaangukia sakafuni. Nilimwona yuko kimya, damu usoni. Alinyamaza kiasi cha mtu kuvuta pumzi tatu. Hizo pumzi tatu sitakusamehe, nakwambia wazi. Halafu akalia, na alipolia nikasahau kama nina mkono. Nilikuja kuukumbuka jioni."

"Nimekuja na mwiko," alisema Mzee Timazi. Alisimama, shuka bado shingoni, nusu ya uso imenyolewa na nusu bado povu. "Nipe siku mbili. Nitaongeza saruji nyembamba kwenye kila kipandio, chini kidogo, juu zaidi, mpaka vyote kumi na sita viwe sawa. Sitaki kitu. Niache nirekebishe."

"Uguse uone!"

"Lakini Mama..."

"Uguse uone, nimesema. Kile cha kumi na sita ndicho mlinzi wetu. Sisi wa humu miguu yetu inakijua, tunanyanyua hata gizani, hata usingizini. Asiyekijua anajikwaa, puu! Na sisi huko ndani tunaita 'Mgeni!' kabla hajabisha hodi. Kuna mwizi alijikwaa pale na redio ya mtu, tukafungua milango yote mara moja. Wapangaji watakuondoa kwa mawe ukikigusa." Akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akaona jinsi mzee alivyoishiwa, mwiko mkononi hauna kazi. Sauti ikashuka. "Ila kama umekuja kulipa, lipo la kulipa. Mkono huu haukamui. Nimeloweka blanketi tangu asubuhi, na mwanangu kila siku ana mteja. Njoo ulikamue."

"Nakuja," alisema Mzee Timazi. "Nakuja sasa hivi."

Kinyozi alitaka angalau ammalizie shavu la pili, lakini mzee alikuwa ameshatoka. Mama alitangulia, mzee akafuata, Kitinda nyuma yake ameshika mkoba. Mguu wa mzee ulipogusa kipandio cha kwanza aliona jinsi kilivyolika ukingoni kwa miaka arobaini ya watu, na hakuona tena kitu cha kuogopa. Watu walikuwa wamepita hapa na maji, na magunia, na watoto wao, na walikuwa wamefika. Alihesabu kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akihesabu akiwa kijana. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Mbele yake kandambili za Mama zilinyanyuka kidogo zaidi kwenye cha mwisho, zikapita. Kumi na nne. Aliiona kazi yake, akaona kwamba vipandio kumi na tano kati ya kumi na sita ni vizuri mno, kusema kweli ni vizuri sana, na ndani ya moyo wake uliojaa furaha akajisifia kidogo, kwa mara ya kwanza.

Kumi na tano.

Kidole gumba kikagonga ukingo, puu, na Mzee Timazi akaenda chini kwa magoti, kiganja kimoja sakafuni na mwiko ukiteleza mpaka kwenye mlango wa jirani.

"Mgeni!" iliita sauti ya mwanamke nyuma ya mlango wa kwanza.

"Mgeni!" iliitika sauti ya mzee wa kikohozi ghorofa ya pili.

"Mgeni! Mgeni!" wakaitikia wengine juu kabisa, na milango ikaanza kufunguka, vichwa vikachungulia kuona ni nani. Walimkuta mzee wa mji mwingine amepiga magoti kwenye sakafu yao, povu limemkauka shavu moja, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Kitinda alitaka kumwinua, mzee akamzuia kwa mkono, akaomba aachwe kidogo. Kisha akainuka mwenyewe, akajipangusa magoti mbele ya watu wote, akauliza blanketi liko wapi.